Waislamu wa Bukavu: ujirani hujengwa kwa kazi, si kwa matamko

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia 5 Machi. Mwaka 2026 mifungo hiyo miwili ilianza ndani ya wiki moja ya Februari. Kwa miaka miwili mfululizo, basi, Bukavu imefunga pamoja: Mwislamu na daku yake kabla ya alfajiri, Mkatoliki na majivu kwenye paji la uso, na wote wawili wakishuka mapema kwenda kutafuta riziki sokoni.

Haikuwa mifungo ya nyakati za amani. Tarehe 16 Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 waliushika mji. Benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kilikuwa kimekwisha kuondoka Kivu Kusini tangu katikati ya 2024. Mji ulipoamka bila benki na bila uhakika wa kesho, watu waligeukia kile kilichobaki: jamaa, jirani, kanisa, msikiti.

Hapo ndipo swali moja la zamani linarudi kwa uzito mpya. Je, jumuiya ya Waislamu, ambayo ni ndogo katika mji huu wenye Wakristo wengi, ina nafasi gani katika maisha ya wote? Na chombo kinachoiwakilisha, Jumuiya ya Kiislamu ya Kongo inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, COMICO, kifanye nini ili nafasi hiyo isiwe ya kukaa kwenye viti vya wageni tu siku za sherehe?

Jibu si gumu kulisema, ingawa ni gumu kulitenda. Jumuiya ya dini hupata imani ya jamii siku inapomtumikia na kumtetea mtu asiye wake. Matamko, picha za pamoja na mikono iliyoshikana haviwezi kuchukua nafasi ya kazi hiyo.

Mashaka yalikotoka

Uislamu haukuletwa mashariki ya Kongo na vita vya leo. Uliingia katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki na Zanzibar, kupitia Ujiji na Ziwa Tanganyika, hadi Kasongo na Nyangwe huko Maniema. Kiswahili ambacho leo kinazungumzwa Kadutu, Bagira na Ibanda, kanisani na sokoni, kilipita njia hiyohiyo. Padri anayehubiri kwa Kiswahili na shekhe anayefundisha kwa Kiswahili wanakunywa maji ya mto mmoja.

Lakini misafara ile haikubeba shanga na vitambaa peke yake. Ilibeba bunduki, na iliondoka na pembe za ndovu na watumwa. Jina la Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, bado linatajwa kwa uchungu katika vijiji vingi. Jumuiya ya Waislamu haitajenga ujirani wa kweli ikiificha historia hiyo. Na wenzao hawatatenda haki wakiwatwika Waislamu wa leo, ambao wengi wao ni wajukuu wa Wakongo wa nchi hiyohiyo, deni la wafanyabiashara wa miaka 150 iliyopita.

Sura ya pili ya historia hiyo husemwa mara chache. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wake katika eneo la Stanley Falls, Kisangani ya leo. Miaka mitano baadaye majeshi ya mfalme huyohuyo yalianza vita dhidi ya wakuu wa Kiswahili, na Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893. Vita hivyo vilielezwa Ulaya kuwa ni vya kukomesha utumwa. Wakati huohuo watu wa Kongo walikuwa wakiingizwa katika kazi ya lazima ya mpira ambayo iliacha makovu yasiyosahaulika.

Baada ya ushindi huo, utawala wa kikoloni uliuangalia Uislamu kama jambo la kuzuiwa. Mwaka 1906 dola la Leopold lilitia sahihi mkataba na Vatikani: misheni za Kikatoliki zingepewa bure hekta 100 hadi 200 za ardhi kila moja, nazo zingefungua shule. Kwa miongo mingi fedha za serikali za elimu zilipita mikononi mwa misheni. Mtoto wa Kiislamu alikuwa na njia mbili: kwenda shule ya misheni ambako wazazi wake walihofia angebadilishwa dini, au kubaki chuoni akisoma Kurani bila cheti cha kumwingiza ofisini.

Matokeo yake yalionekana baada ya uhuru wa 1960. Makarani, walimu, wauguzi na mahakimu walitoka katika shule za misheni. Waislamu wengi walibaki katika biashara ndogo, ushonaji, usafirishaji na uvuvi. Wengine wakawaita watu wasiopenda shule, kana kwamba milango ilikuwa wazi wakakataa kuingia.

Shule ndilo daraja la kwanza

Serikali iliitambua jumuiya hiyo kisheria mwaka 1972, wakati nchi ilikuwa ikiitwa Zaire. Mwaka 1977 serikali ilifunga mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti wa kusimamia shule za umma, na baadaye Waislamu nao wakaingia katika utaratibu huo. Ndivyo zilivyozaliwa shule za Kiislamu zenye mkataba na serikali. Shule hizi ni za umma. Zinafuata programu ya taifa, wanafunzi wake hufanya mtihani uleule wa serikali, na milango yake iko wazi kwa mtoto wa dini yoyote. Tangu 2019, elimu ya msingi katika shule za umma, zikiwemo hizi, ilitangazwa kuwa bure.

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo COMICO imefanya kazi yake kubwa kuliko zote, na mara nyingi bila kelele. Katika shule za aina hii huko Maniema na kwingineko, mwalimu Mkristo hufundisha hesabu darasani kwa watoto wa dini mbili au tatu. Mzazi Mkristo anayempeleka mtoto wake huko hafanyi hivyo kwa ajili ya mazungumzo ya dini. Anatafuta shule iliyo karibu, yenye walimu wanaofika kazini. Miaka sita baadaye mtoto huyo anajua majina ya rafiki zake wa Kiislamu, anajua Idi inaangukia lini, na hawezi kudanganywa kirahisi kwamba nyumba ya jirani ni nyumba ya adui.

Ndiyo maana ubora wa shule hizi ni suala la amani. Darasa lenye wanafunzi waliobanana, mwalimu asiyelipwa na choo kilichojaa havimvutii mzazi yeyote, awe Mkristo au Mwislamu. Kila shilingi ya msaada inayowekwa katika mnara wa pili wa msikiti wakati paa la shule linavuja ni nafasi iliyopotea.

Bukavu yenyewe inajua nguvu ya mfano huu. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, ilijengwa kwa msaada wa Wakristo wa Uswidi. Mwanamke anayefikishwa pale akiwa na majeraha ya vita haulizwi anasali wapi. Ni kazi hiyo iliyompa Mukwege Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, na ni kazi hiyo iliyowafanya watu wa dini zote waione Panzi kuwa yao. Waislamu wa Bukavu hawana haja ya kujenga Panzi ya pili. Lakini zahanati moja safi, kisima kimoja kinachotunzwa au karakana moja ya kufundisha vijana kazi, vikiwa wazi kwa kila mtu, vitasema zaidi ya semina kumi.

Wale waliouawa kwa kuwatetea wote

Hatari kubwa ya sasa inatoka kaskazini. Kundi la ADF, lililozaliwa Uganda katika miaka ya 1990 na ambalo viongozi wake wamejifungamanisha na Dola la Kiislamu, limeua raia wengi Beni, Lubero na Ituri. Usiku wa kuamkia 27 Julai 2025 liliwashambulia waumini kanisani Komanda na kuua zaidi ya watu 40. Habari kama hizo zinapofika Bukavu kwa simu, si ajabu mtu akamtazama kwa jicho jingine muuza duka mwenye kofia ya Kiislamu ambaye amekuwa akimkopesha sukari kwa miaka mingi.

Lakini kuna majina mawili ambayo hayakupaswa kusahaulika. Tarehe 1 Mei 2021, katika Ramadhani, Shekhe Ali Amini alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Beni wakati wa sala ya jioni. Alikuwa akiupinga hadharani ukatili wa wapiganaji wa msituni. Mwezi huohuo Shekhe Djamali Moussa aliuawa Mavivi, karibu na Beni. Walikufa kwa sababu walikataa jina la dini yao litumike kuwachinja majirani zao.

Watu wa Bukavu wanaielewa lugha hiyo kuliko wengi. Tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipokuwa ukianguka, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera. Alikuwa amepaza sauti kuwatetea wakimbizi na wakazi wakati wakubwa wengine wamekwisha kukimbia. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, mwaka 2000 alizuiwa kurudi jimboni mwake kwa miezi kadhaa na wale waliokuwa wanatawala kwa bunduki, kwa sababu ya barua yake ya Noeli iliyowakera. Heshima ya kanisa Katoliki mjini haitokani na idadi ya waumini wake pekee. Imenunuliwa kwa gharama hiyo.

Shekhe wa Beni na askofu wa Bukavu walikuwa na kazi moja. Ingefaa watoto wa shule za dini zote wafundishwe majina yao pamoja. Ingefaa pia, kila Mei na kila Oktoba, viongozi wa dini wa Kivu wawakumbuke mashahidi wa upande wa pili na si wa kwao tu. Hilo halihitaji fedha za mfadhili yeyote.

Kioo cha Ubelgiji

Nchi iliyouzuia Uislamu nchini Kongo ilikuja kukutana nao nyumbani. Mwaka 1964 Ubelgiji ilitia sahihi mikataba na Morocco na Uturuki ili kuleta wafanyakazi wa migodi na viwanda. Miaka kumi baadaye, tarehe 19 Julai 1974, iliitambua dini ya Kiislamu kisheria, mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya Magharibi. Wakongo wanaoishi Brussels leo, wengi wao Wakristo, ni majirani wa Waislamu hao katika mitaa na shule zilezile.

Yaliyofuata yana mafunzo kwa Bukavu. Msikiti Mkuu wa Brussels uko katika bustani ya Cinquantenaire, hatua chache kutoka tao kubwa ambalo Leopold II alilijengesha kwa mali iliyotoka Kongo. Mwaka 1969 jengo hilo lilikabidhiwa Saudi Arabia, na kwa miongo kadhaa mafundisho yake yalielekezwa kutoka mbali. Baada ya mashambulizi ya 22 Machi 2016, yaliyoua watu 32 Brussels, serikali iliuvunja mkataba huo mwaka 2018. Waislamu wa kawaida wa mitaa kama Molenbeek walikuwa tayari wamebeba lawama za watu ambao hawakuwachagua.

Chombo cha kuwawakilisha nacho kilitikisika. Baraza lililotokana na uchaguzi wa 1998 liliandamwa na migogoro ya uongozi hadi serikali ikaondoa utambuzi wake mwaka 2022 na kuweka chombo kingine mwaka uliofuata. Funzo ni wazi: kutambuliwa na sheria ni mwanzo tu. Chombo ambacho waumini wake hawakiamini hakiwezi kuwa daraja kwa watu wa nje, na nyumba inayojengwa kwa fedha za mbali hufuata sauti ya mbali.

Kongo haina sababu ya kuwacheka Wabelgiji. Tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi, makundi mawili yaliyogombania uongozi wa COMICO yalipigana nje ya uwanja wa Martyrs, Kinshasa, na askari polisi mmoja akauawa. Picha za siku ile zilifika kila simu nchini. Miaka ya subira ya walimu na maimamu wa majimboni ilichafuliwa kwa asubuhi moja.

Kazi ya COMICO

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jumuiya iko ndani ya nyumba. Hesabu za zaka, za wakfu na za misaada kutoka nje zisomwe mbele ya waumini, zibandikwe mahali zinapoonekana. Viongozi wapatikane kwa njia ambayo anayeshindwa anaweza kuikubali. Akina mama, ambao ndio wanaobeba shughuli nyingi za misiba, harusi na vikundi vya kuwekeana akiba, wawe na kauli katika maamuzi na si katika kupika futari tu. Vijana waelezwe kwa Kiswahili chao, bila kuzungukazunguka, kwa nini anayewaita msituni anawauza.

Kazi ya pili ni kujiweka mbali na wenye nguvu. Mwaka 2021, madhehebu ya dini yalipotofautiana juu ya nani aongoze tume ya uchaguzi, Wakatoliki na Waprotestanti walimkataa Denis Kadima, na madhehebu sita, Waislamu wakiwemo, yakamuunga mkono. Kila upande ulikuwa na haki ya kutoa maoni yake. Lakini wananchi wengi waliona viongozi wa dini wakivutana kama vyama, na kovu hilo bado lipo. Leo Bukavu, ambako kuna mamlaka moja mjini na nyingine Kinshasa, kila upande utapenda kuonekana umekaa na shekhe na askofu. Kiongozi wa dini anaweza kukaa na yeyote kwa ajili ya kuokoa uhai, kumtoa mfungwa au kufungua njia ya dawa. Akikaa kwa ajili ya kupamba picha, amewauza waumini wake na majirani zake kwa pamoja.

Kazi ya jamii nzima

Mzigo si wa Waislamu peke yao. Kuna desturi mbaya ya kumtaka Mwislamu alaani kila shambulio la ADF kabla hajaruhusiwa kuomboleza. Mkristo wa Bukavu hatakiwi kuomba radhi kila mhubiri anapowadanganya watu, na haki hiyohiyo iwe ya jirani yake. Waandishi wa habari nao waliite kundi kwa jina lake. Anayeandika «Waislamu wameua» wakati alipaswa kuandika «ADF wameua» anamfanyia ADF kazi yake, kwa sababu kundi hilo linataka sana kuonekana kuwa ndilo Uislamu.

Mashirika ya misaada ya Ulaya yanayofanya kazi Kivu Kusini nayo yajichunguze. Kwa sababu za kihistoria, njia zao nyingi hupita katika mitandao ya makanisa, ambayo ina ofisi, magari na watu wanaojua kuandika miradi. Matokeo yake Mwislamu huitwa mwishoni, mpango ukiwa umekwisha kuandikwa, ili orodha ya mahudhurio ionekane imetimia. Kumwita mwanzoni ni jambo jepesi, na ni hapo ujirani wa Bukavu na jamii za Ulaya utakapoacha kupita mlango mmoja.

Wapo watakaosema Waislamu ni wachache mno mjini hata suala hili lipewe nafasi. Wamesahau kwamba jamii huvunjika kuanzia kwa wachache. Uvumi huwaendea kwanza wale wasio na mtu wa kuwatetea, kisha hutafuta wengine. Wapo pia watakaosema wakati huu wa vita si wakati wa mazungumzo ya dini. Ni kweli, mazungumzo yanaweza kungoja. Shule, maji, dawa na mazishi haviwezi.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki Bukavu ipo ya kumtosha kila mmoja. COMICO ina shule, misikiti na watu. Makanisa yana hospitali, vyuo vikuu na sauti. Mifungo itaachana tena, kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, na itapita miaka mingi kabla Kwaresima na mwezi huo havijakutana tena hivi. Kabla ya hapo kuna msimu mpya wa masomo, na mzazi Mkristo wa Kadutu atakayeamua ampeleke mtoto wake shule gani. Jibu la mzazi huyo ndilo litakaloonyesha kama ujirani umejengwa.